Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Bei ya Haki ya Subaru Impreza WRX STI Iliyotumika

Majibu haya yanamhusu mnunuzi wa Kenya au Tanzania anayetafuta Subaru Impreza WRX STI iliyotumika na anayetaka kujua kama bei anayotajiwa inastahili. Mengi ya yaliyomo yanafaa pia kwa Mitsubishi Lancer Evolution na magari mengine ya tabo (turbo) kutoka Japani, ila mifano yote imechukuliwa kwenye STI kwa sababu ndilo gari linaloulizwa zaidi.

## Mambo ya msingi

1. Bei ya haki ni ipi hasa kwa gari la aina hii?

Ni bei ambayo gari la namna hiyohiyo lililo zima linauzwa sokoni, ukitoa gharama ya kulifikisha gari lililo mbele yako kwenye uzima huo, kisha ukitoa kiasi fulani kwa yale yote ambayo muuzaji anayasema lakini hawezi kuyathibitisha. Sehemu mbili za kwanza wanunuzi wengi wanazijua. Ya tatu ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo inayotenganisha STI mbili zinazofanana kwa rangi, mwaka na sauti ya ekzosi.

Bei ya haki si lazima iwe bei ya chini. Muuzaji mwenye faili la risiti, ripoti ya kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda za injini) na karatasi ya mnada wa Japani anaweza kuomba zaidi ya wenzake wote na akawa na haki, kwa kuwa amekupunguzia hatari ambayo ungeilipia baadaye kwa fundi.

2. Je, mwaka na kilomita havitoshi kukadiria bei?

Kwa Toyota Vitz au Probox vinakaribia kutosha. Kwa STI havitoshi hata kidogo, kwa sababu injini yake inaweza kuharibiwa na mtu mmoja asiye na subira kwa safari moja, na inaweza pia kuishi miaka mingi mikononi mwa mtu anayebadilisha oili kwa wakati na anayeiacha ipate joto kabla ya kuikanyaga. Kati ya gari lenye kilomita 140,000 na risiti za mkanda wa taimingi na oili, na lingine lenye kilomita 80,000 na maneno matupu, la kwanza ndilo lenye thamani kubwa, ingawa matangazo ya mauzo yanasema kinyume.

3. Kwa nini bei zake nchini Kenya hazishuki kama za magari mengine?

Sababu kubwa ni kanuni ya miaka minane. Kiwango cha KS 1515, cha shirika la viwango la Kenya (KEBS), kinazuia kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake tangu kusajiliwa mara ya kwanza umezidi miaka 8. Mwaka 2025, kwa mfano, yaliruhusiwa yaliyosajiliwa kuanzia 2018 tu. Hii ina maana kwamba STI za kizazi cha 2000 hadi 2007 na zile za 2007 hadi 2014 haziwezi tena kuongezeka nchini. Zilizopo ndizo hizo, na kila inayogonga au kuvunja pistoni inaipunguza hesabu.

Kiwandani nako mlango umefungwa. Injini ya EJ20, iliyotumika kwenye STI za Japani, iliagwa huko kwa toleo maalumu la magari 555 lililotangazwa mwaka 2019, na mwaka 2022 Subaru ilitangaza kwamba haitatengeneza STI mpya ya petroli kwa kizazi kilichofuata cha WRX.

Lipo pia jambo la mapenzi. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Waliokuwa watoto kando ya barabara za vumbi wakati huo sasa ndio wenye fedha za kununua. Mapenzi hayo ni sehemu halali ya bei ya soko, lakini mnunuzi akumbuke kwamba ushindi wa 1997 haumo ndani ya injini anayouziwa.

4. Nitaipataje bei ya soko iliyo ya kweli?

Bei iliyo kwenye tangazo ni ombi la muuzaji. Kusanya matangazo ya magari yenye msimbo uleule wa chasisi, yaani GRB kwa GRB na GVB kwa GVB (misimbo hii inaelezwa katika swali la 5), kisha uyafuatilie kwa wiki kadhaa. Gari linaloendelea kutangazwa mwezi baada ya mwezi linakuonyesha mahali ambapo soko limekataa kufika. Lililoondoka baada ya siku chache huenda liliuzwa karibu na bei iliyotajwa, au chini kidogo.

Baada ya hapo waulize wanaojua kilicholipwa: mafundi wanaozihudumia Subaru, wenye yadi, na wanachama wa vikundi vya wamiliki. Madalali nao wanajua, ila tamko lao lisikilizwe kwa kukumbuka kwamba kamisheni yao hukua pamoja na bei.

## Kulitambua gari lenyewe

5. Nitajuaje kwamba gari ni STI halisi na si WRX, toleo la chini yake, iliyovalishwa vifaa vya STI?

Anza na namba ya chasisi. Kwa magari yaliyouzwa Japani namba hiyo huanza na msimbo wa modeli: GDA ni WRX ya kawaida ya kizazi cha pili na GDB ni STI, GRB ni STI ya mlango wa nyuma (hatchback) ya kizazi cha tatu, GVB ni sedani yake, na VAB ni kizazi cha mwisho. Kizazi cha kwanza kina mtego wake, kwani GC8 inatumika kwa WRX na STI zote mbili, hivyo huna budi kusoma msimbo kamili wa modeli kwenye bamba lililo chini ya boneti na kuulinganisha na orodha za matoleo. Namba iliyogongwa kwenye bodi, iliyo kwenye bamba na iliyo kwenye logbook (kadi ya gari kwa Tanzania) lazima ziwe moja.

Dalili nyingine husaidia, lakini hazitoshi peke yake. STI ya GDB na zilizofuata zenye gia ya mkono zina giaboksi ya gia sita, matoleo mengi yana breki za Brembo, na kuanzia matoleo ya 2005 kipenyo cha duara la nati za magurudumu kilibadilika kutoka milimita 100 hadi 114.3. Vyote hivyo vinaweza kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine, na mafundi wetu wanajua kuvihamisha vizuri.

WRX iliyovalishwa si gari baya. Bei yake ya haki ni ya WRX, pamoja na thamani ya vifaa hivyo kama vingeuzwa vikiwa vimetumika pale Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam. Isifike bei ya STI.

6. A-Line ni nini, na je, bei yake iwe sawa na ya STI nyingine?

A-Line ni STI ya otomatiki yenye gia tano iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2009. Msimbo wake ni GRF kwa ya mlango wa nyuma na GVF kwa sedani. Kwa nje ni vigumu kuitofautisha na GRB au GVB, lakini injini yake ni EJ25 ya cc 2,457 badala ya EJ20 ya cc 1,994.

Maoni yetu ni kwamba katika hali ileile ya uzima A-Line inapaswa kuwa chini ya yenye gia ya mkono. Wapenzi wa STI watakaoitaka siku utakapoiuza ni wachache, na EJ25 yenye tabo inajulikana kwa kuvunja sehemu za pistoni zinazoshika ringi. Hata hivyo foleni za Nairobi zimewapa A-Line wateja wake, na bei unazoziona si lazima zifuate hoja hii. Linaloonyesha udanganyifu ni tangazo linaloandika STI pekee na kupanga bei ya GRB bila kutaja gia.

7. Vizazi vinatofautianaje kwa bei?

Utaratibu wa kwamba gari jipya ni ghali kuliko la zamani unavunjika hapa. GC8 safi ya miaka ya 1990 inaweza kuzidi GDB ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu tayari imekuwa gari la kuhifadhiwa. Kati ya GDB, zile za sura ya mwisho, za 2005 hadi 2007, ndizo zinazopendwa zaidi, na zile za taa za mviringo za mwanzo huwa nafuu bila sababu kubwa ya kiufundi. Anayetaka kuendesha kuliko kuonwa aziangalie hizo.

## Hali ya gari

8. Ni vipimo gani vya injini vifanywe kabla ya kuzungumza bei?

Kimoja ambacho hakiachwi ni kipimo cha kompresheni kwenye silinda zote nne. Usitazame kiwango peke yake. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda. Tofauti inayozidi asilimia 10 ni ya kutia shaka hata kama gari linakwenda vizuri, kwa kuwa pistoni iliyoanza kupasuka huweza kuvumilia kwa muda kabla ya kuonyesha moshi.

Gari liwashwe likiwa baridi. Ukifika na kukuta injini imekwisha pata joto, omba kurudi siku nyingine, kwani mlio wa pistoni, moshi wa buluu na mgongano wa beringi za chini husikika au kuonekana zaidi katika dakika za kwanza. Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Injini hizi zenye tabo hula oili, na kiwango kilicho chini kinaeleza tabia ya mwenye gari kuliko mazungumzo ya saa nzima. Mwishoni fundi asome kompyuta ya injini kwa mashine, atafute makosa yaliyopo na pia dalili kwamba kumbukumbu imefutwa muda mfupi uliopita.

Muulize muuzaji anatumia petroli gani. STI ya Japani ilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu ya huko, inayofika takriban 100, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Gari ambalo miaka yote limejazwa petroli ya kawaida na kukimbizwa limekuwa likichoma mafuta kabla ya wakati ndani ya silinda, na hilo ndilo adui wa pistoni.

9. Nikatie nini kwenye bei, na kwa kiasi gani?

Tuchukue mfano, namba zake ni za kufundishia hesabu tu. Tuseme umegundua kwamba GRB zilizo nzima zinauzwa kwa shilingi 2,500,000 za Kenya. Gari unaloliangalia limefika kilomita 100,000, ambapo mkanda wa taimingi unapaswa kubadilishwa, na hakuna risiti ya kazi hiyo. Fundi anakutajia 60,000 kwa mkanda, roli zake na pampu ya maji. Klachi imekwisha: 90,000. Matairi manne: 80,000. Shokamzoba na bushi: 50,000. Jumla ni 280,000, nawe umebaki na 2,220,000.

Sasa ije sehemu ya tatu iliyotajwa katika swali la 1. Hakuna historia ya huduma, na fundi wako, baada ya kulisikiliza gari, anaona kwamba uwezekano wa injini kuhitaji kufunguliwa ndani ya mwaka ni kama mara moja katika nne. Kuijenga upya ni 400,000. Robo ya hiyo ni 100,000, na hicho ndicho kiasi cha kutoa kwa ajili ya giza hilo. Bei yako ni 2,120,000. Muuzaji akikubali kompresheni ipimwe na matokeo yakawa mazuri, robo hiyo inapungua sana na una wajibu wa kumrudishia sehemu ya tofauti katika ofa yako.

Mkanda wa taimingi usichukuliwe kuwa jambo dogo. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na mjadala wa bei huwa umekwisha. Kwa upande mwingine, usikate gharama nzima kwa kitu kilichochakaa nusu: matairi yaliyobaki nusu yanakatiwa nusu, maana hata lile gari zima la kulinganishia halikuwa na matairi mapya.

10. Kilomita zilizo kwenye dashibodi zinaaminika?

Zinaaminika pale tu zinapothibitishwa na karatasi iliyoandikwa na mtu asiye muuzaji. Karatasi ya mnada wa Japani huonyesha kilomita za siku ya mnada. Cheti cha kusafirisha gari nje ya Japani huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko. Ripoti ya ukaguzi wa kabla ya gari kupakiwa melini nayo ina usomaji wake. Namba hizo ziende zikipanda kwa mwendo unaoingia akilini. Kipindi ambacho gari limekuwa hapa nyumbani hufuatwa kwa risiti na vibandiko vya kubadilishia oili.

Usukani uliong'aa kwa kushikwa, raba ya pedali iliyoliwa na upande wa kiti cha dereva uliopasuka havipatani na kilomita 60,000. Ikithibitika kwamba namba imerudishwa nyuma, usihangaike kukisia namba ya kweli. Lichukulie gari kuwa halina historia yoyote na ufuate hesabu ya swali la 9, ukiongeza uwezekano wa hatari.

11. Je, marekebisho yanaongeza thamani?

Kwa kawaida hapana. Muuzaji atakwambia ametumia laki sita kwa tabo kubwa, ekzosi na rimu, na huenda anasema kweli, lakini hayo yalikuwa matumizi yake kwa starehe yake. Gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani huuzika haraka zaidi na kwa watu wengi zaidi. Tabo kubwa juu ya pistoni za kiwandani ni sababu ya kupunguza bei.

Tofauti ni mbili. Ya kwanza ni pale vifaa vya asili vimehifadhiwa na vinakuja pamoja na gari. Ya pili ni programu ya injini iliyopangwa upya na fundi anayejulikana kwa ajili ya petroli yetu, ikiwa na ripoti ya kupimwa. Hiyo inaweza kuwa kinga ya injini. Uliza ni nani aliyeipanga, lini, na kwa petroli ipi. Jibu la "kuna kijana mmoja" halina thamani ya shilingi.

12. Gari lililopata ajali lipunguzwe kiasi gani?

Inategemea kilichoguswa. Bampa, fenda na boneti vilivyobadilishwa na kupakwa rangi vizuri havipunguzi kitu kikubwa, na STI ambayo haijawahi kuguswa rangi ni adimu. Fremu za mbele zilizokatwa na kuchomelewa ni jambo jingine. Gari hilo halina bei ya haki kama STI. Lina bei ya injini, giaboksi na vifaa vyake, na anayelitaka alinunue kwa hesabu hiyo.

Kwenye karatasi ya mnada, daraja la R au RA huashiria gari lililotengenezwa baada ya ajali, ilhali 4 na 4.5 ni magari mazuri. Karatasi hiyo hata hivyo haiwezi kujua yaliyolipata gari baada ya kuteremshwa Mombasa au Dar es Salaam, kwa hiyo kipimo cha unene wa rangi na macho ya mnyoosha bodi bado vinahitajika.

13. Kutu ni tatizo?

Ndiyo, kwa magari yaliyoishi maeneo ya theluji ya Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani, na kwa yaliyoegeshwa miaka mingi karibu na bahari. Gari liinuliwe na litazamwe chini. Kutu ya juu juu ya vyuma vya kusimamishia ni ya kawaida. Kutu iliyotoboa bodi ni ya kuondokea.

## Kodi na kuagiza

14. Kwa Kenya, nitumie gharama ya kuagiza kama kipimo?

Kwa VAB ambazo bado zimo ndani ya miaka minane, ndiyo: gharama ya kuliteremsha gari kama hilo ni dari ya bei ya gari la ndani. Kwa vizazi vya awali hakuna dari kwa sababu hakuna kuagiza (tazama swali la 3).

Katika kukokotoa, KRA haitumii ankara yako. Inatumia orodha yake ya bei za rejareja za magari mapya, inashusha kulingana na umri, na inapata thamani ya forodha. Kwa viwango vya mwaka 2025, juu ya thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000 kulikuwa na ushuru wa forodha wa asilimia 35, yaani 350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa injini ya ukubwa huu, unaopigwa juu ya 1,350,000, yaani 337,500. Na VAT ya asilimia 16 juu ya 1,687,500, yaani 270,000. Ukiongeza ada ya tamko la uingizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2, jumla inafika 1,002,500. Kwa ufupi, serikali inakuuzia gari la pili.

Ndiyo maana mabadiliko ya orodha ya KRA hupandisha bei za magari yaliyokwisha lipiwa kodi siku nyingi. Muuzaji anayekuambia "ukiagiza sasa utalipa zaidi" huenda anasema kweli, ila hoja yake inahusu VAB pekee.

15. Tanzania hali ikoje?

Tanzania haikatazi gari kwa umri wake, bali inalitoza. Gari dogo la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na lililozidi hapo asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo GC8 au GDB bado inaweza kuletwa, na gharama ya kuileta ndiyo dari ya bei ya gari la aina hiyo lililopo Dar es Salaam. Mfumo wa TRA wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika upo wazi mtandaoni. Ingiza modeli na mwaka kabla ya kwenda kwa muuzaji.

Ukubwa wa injini nao unagusa kodi. EJ20 ya cc 1,994 imo chini ya mstari wa cc 2,000 na hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, wakati A-Line ya cc 2,457 hutozwa asilimia 10.

16. Kwa nini bei za Japani kwenyewe zinapanda?

Kwa sababu ya Wamarekani, kwa sehemu kubwa. Sheria ya Marekani inaruhusu kuingiza gari lolote lililofikisha miaka 25 bila kutimiza viwango vyao vya usalama, na kila modeli inapofika umri huo wanunuzi wa huko huingia minadani. GC8 zimeshapita hapo, na GDB za kwanza, zilizotoka mwaka 2000, zilifika mwaka 2025. Mnunuzi wa Tanzania anashindana nao moja kwa moja. Wa Kenya hashindani nao, lakini huisikia hoja hiyo ikitumiwa na wauzaji wa GDB ambazo haziendi Marekani kamwe.

## Hati na mapatano

17. Ni hati zipi zinazoathiri bei?

Nchini Kenya fanya upekuzi wa gari kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen, uone jina la mmiliki na kama benki au kampuni ya mikopo imeandikwa pamoja naye. Upekuzi mwingine ni wa sajili ya dhamana za mali inayohamishika iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, kwa sababu mkopo unaweza kuwapo bila kuonekana kwenye logbook. Tanzania, linganisha kadi ya gari na kumbukumbu za TRA, kisha angalia faini za polisi na madeni ya maegesho.

Deni linalojulikana hukatwa shilingi kwa shilingi, na hulipwa moja kwa moja kwa anayedai. Deni lisiloeleweka halina punguzo linalolifaa.

18. Je, ripoti ya mthamini wa bima ndiyo bei ya haki?

Hapana. Ripoti hiyo hupangwa kwa ajili ya bima, na mara nyingi mwenye gari ndiye aliyeiagiza akitaka kiwango cha juu. Isome kwa ajili ya maelezo ya hali ya gari, si kwa namba ya mwisho. Ukitaka tathmini ya kununulia, mlipe mwenyewe mkaguzi asiyejuana na muuzaji, kwa mfano kupitia AA (chama cha wenye magari) nchini Kenya, pamoja na fundi wa Subaru.

19. Nitoe ofa vipi bila kumvunjia muuzaji heshima?

Mwonyeshe hesabu. Karatasi yenye bei tatu za magari ya kulinganishia, makadirio ya fundi na jumla hueleweka na mtu yeyote mwenye nia ya kuuza. Kulitukana gari la mtu ili kushusha bei ni desturi mbaya, na kwa STI haifanyi kazi kwa sababu wengi wa wenye nazo wanazipenda. Utaje kiwango chako kimoja, ueleze kitakachokibadilisha, na umwachie muda.

## Hali za pekee

20. Injini imebadilishwa. Je, hilo linashusha bei?

Si lazima. EJ207 (EJ20 ya STI ya Japani) iliyonunuliwa na hati zake na kufungwa vizuri ni afadhali kuliko ya asili iliyochoka. Masharti ni mawili: namba ya injini mpya iwe imesajiliwa rasmi kwenye hati za gari, na iwe injini ya aina ileile. STI iliyowekewa injini ya Forester ya tabo haistahili bei ya STI hata ikiwa na nguvu. Kama namba haijasajiliwa, kazi ya kuisajili imalizwe na muuzaji kabla ya kupokea fedha zako.

21. Nimeonyeshwa gari la bei nafuu sana lenye namba za nchi jirani. Ni nafuu kweli?

Kwa mnunuzi wa Kenya, karibu kila mara si nafuu. Gari lililozidi miaka minane halitasajiliwa Kenya hata kama liliingia Tanzania kihalali, na lililo ndani ya miaka hiyo litadaiwa kodi ya swali la 14. Magari yaliyoingia kwa msamaha wa kodi, kama ya wanadiplomasia, hudaiwa kodi yanapouzwa kwa asiye na msamaha. Uganda nayo, mwaka 2018, iliweka katazo la kuingiza gari lililozidi miaka 15. Linganisha bei baada ya kujumlisha kodi inayodaiwa, au usilinganishe.

22. Gari ni toleo maalumu, kama Spec C. Niongeze kiasi gani?

Ongeza tu kile ambacho mnunuzi wako wa baadaye atakubali kukiongeza. Spec C ni nyepesi na imeondolewa baadhi ya starehe, jambo ambalo mkimbiza rali analilipia na mwenye familia analilalamikia. Uthibitisho ni ule wa swali la 5: msimbo kamili wa modeli, si vibandiko. Bila msimbo huo ongezeko ni sifuri.

23. Gari ni la marehemu na linauzwa na jamaa. Bei iwe tofauti?

Bei ya gari haibadiliki, ila mwenye haki ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kabla ya hati hiyo kutoka, hakuna wa kukuhamishia umiliki, hata jamaa wote wakiwa wamekubaliana. Kubalianeni bei kwa maandishi mkitaka, na fedha zisubiri hati. Gari lililosimama kwa miezi wakati kesi ikiendelea lihesabiwe upya siku ya kulipa, kwa betri, matairi, breki na oili, kwa utaratibu wa swali la 9, na injini yake isiwashwe kwa ajili ya majaribio kabla ya fundi kuikagua.